Nyundo Yangu, Siku ya Wazazi

Nyundo ile niliitoa mimi. Hakuna aliyeniomba. Niliichukua karakanani kwangu, mtaa wa Kwa Mathias, nikaifunga kwenye gazeti, nikaipeleka shuleni pamoja na kipande cha gogo la mkongo nilichokipiga randa juu mpaka kikalala sawasawa. Nikawaambia walimu, haya, kitanda cha simu hicho. Wakacheka. Na mimi nikacheka, tena kwa sauti, maana ndivyo nilivyo, nikishajiona nimesema la maana hakuna wa kunizima.

Mimi ni fundi seremala. Kwetu ni Masaki, Kisarawe, kwenye mihogo na mikorosho, lakini maisha yangu ya kazi yote ni Kibaha. Shule aliyosoma binti yangu ni ya bweni, ya wasichana watupu, na vitanda vya deka vya kidato cha tatu na cha nne nilivitengeneza mimi kwa mikono hii. Kwa hiyo pale shuleni nilikuwa na heshima mbili, ya mzazi na ya fundi. Kwenye kamati ya wazazi nilikaa kiti cha mbele. Nikisimama kuongea, watu walinyamaza, na mimi nilipenda wanyamaze.

Sheria niliikuta. Mwanafunzi haruhusiwi simu, iwe ya tachi, iwe kitochi. Akikutwa nayo inavunjwa, na yeye anarudishwa nyumbani wiki mbili. Kila mwaka Siku ya Wazazi, kabla ya pilau, mwalimu wa nidhamu alileta beseni lenye simu zilizokamatwa, akazivunja moja moja huku mabinti wamepanga mstari wanaangalia. Wazazi wengine walinung'unika pembeni. Basi mwaka ule, kwenye kikao cha mwanzo wa mwaka, akasimama mama mmoja, mtu wa ofisini, wale wanaokwenda Dar asubuhi na kurudi jioni. Akasema zama hizi haziko kama zetu, simu zisivunjwe, zitunzwe ofisini, na Jumapili kila mtoto apewe yake kwa saa moja aongee na watu wake. Alisema kwa upole kabisa. Nikamrukia.

"Mama, wewe unataka watoto wasome au wachati?"

Ukumbi mzima kicheko. Nikaendelea. Nikasema shida si kuvunja, shida ni nani anavunja. Mwalimu akivunja, mtoto anamchukia mwalimu. Avunje mzazi mwenyewe, simu ya mwanawe, kwa mkono wake, mtoto akiona. Hapo atajua nyumbani na shuleni lao moja. Makofi yakapigwa, hoja ikapita, yule mama peke yake hakunyoosha mkono. Mara nyingi nimetaka kumtafuta nimwombe radhi, ila kila nikifikiria pa kuanzia, naona haya.

Na wala sikuishia hapo. Kikao kimekwisha, matroni akanifuata nje akilalamika. Wanapekua matranka, wanapekua makabati, hawaoni kitu, lakini mabinti wanajua kila kinachoendelea mjini. Nikamwambia, mama, mnatafuta pasipo penyewe. Nikampeleka bwenini, nikanyanyua godoro la kitanda kimoja, nikamwonyesha chaga. Ile chaga ya kichwani, pale inapokutana na ubao wa ubavuni, mimi huacha nafasi ya vidole viwili ili mbao zisibanane zikapasuka. Ukichomoa msumari mmoja tu chaga inanyanyuka, na simu inalala humo, hata kitanda kikitikiswa haigongi.

"Asiyejua useremala hawezi kupajua hapa," nikamwambia, "lakini wewe angalia tu."

Nilisema hivyo kwa kinywa changu. Na binti yangu amekulia karakanani. Alijua kupigilia msumari kabla hajajua kuandika, na jioni nyingi alikaa juu ya vumbi la mbao akinihesabia chaga. Mtu ungedhani ningeunganisha mawili na mawili. Sikuunganisha, nilikuwa nimeshaanza kufikiria nitakavyopongezwa.

Hapa inabidi nimtaje mama yake, japo kwa miaka minne nilipiga marufuku asitajwe. Mama wa binti yangu alikwenda Omani kufanya kazi za ndani, mtoto akiwa darasa la saba. Nilimkataza. Karakana ilikuwa imelala, nyumba haina hata bati, na yeye akasema anakwenda miaka miwili tu, atarudi tuanze upya. Nikamwambia ukipanda ndege hiyo, kwangu usirudi. Akapanda. Nikampa talaka kwa simu, nikambloku, kisha nikamwita mtoto nikamwambia mama yako ametutupa, ndani ya nyumba hii jina lake nisilisikie. Alikuwa na miaka kumi na mitatu. Akasema, "Sawa, baba." Na kweli sikulisikia tena, nikaamini amemsahau. Mpumbavu mimi.

Msako ulifanyika wiki moja kabla ya Siku ya Wazazi. Nilikuwa karakanani napasua mbao, simu ikaita, ni mwalimu wa malezi. Nikazima mashine.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Mzee, tumepekua kwenye chaga kama ulivyotuelekeza. Zimepatikana tatu. Moja ni ya binti yako."

Akasema kwa kuwa mimi ni mjumbe wa kamati, mkuu wa shule yuko tayari nije niichukue kimya kimya, tuyamalize huko kwetu. Akaongeza, "Mtoto analia sana. Anasema ana jambo la kukwambia wewe mwenyewe, kwa mwingine hasemi."

Kutoka Kwa Mathias mpaka pale shuleni ni bodaboda tu, robo saa haifiki. Ningesema nakuja. Nilisema, "Sheria ni sheria, mwalimu. Nitavunja kama wengine." Nikawasha mashine. Nikaendelea kupasua mbao kwa hasira, na nasema kweli, haikuwa hasira ya simu. Ilikuwa hasira ya kuaibishwa, mimi, mwenye hoja, mwenye nyundo. Na kichwani nilishajijibu kila kitu: ni mvulana huyo. Ni mvulana, ni nini kingine.

Siku ikafika. Turubai, viti vya plastiki, spika zinapiga kwaya zikimaliza zinapiga kaswida, maana shule ina watoto wa dini zote. Mabinti wakacheza ngoma, wakaigiza mchezo wa mwanafunzi aliyeharibikiwa kwa sababu ya simu, tukacheka mpaka tukafuta machozi. Harufu ya pilau ilikuwa imeshatufikia. Ndipo mshereheshaji akaita beseni.

Wa kwanza alikuwa baba mmoja mfanyabiashara. Alivunja haraka haraka akarudi kukaa bila kumtazama mwanawe. Wa pili mama. Akagonga mara mbili, kioo kikagoma, akaanza kulia, mwalimu akammalizia. Kisha nikaitwa mimi, na mshereheshaji akapaza sauti, "Na huyu sasa ndiye mwenye nyundo yake!" Watu wakaangua kicheko.

Binti yangu alikuwa amesimama kando ya gogo, sketi imenyooka, mikono nyuma. "Shikamoo, baba." Nikaitikia kwa kichwa tu. Akasogea, akasema kwa sauti ya chini, "Baba, kabla hujavunja, nisikilize. Kuna mtu anasubiri jibu langu. Niache nimjibu neno moja tu, halafu uvunje. Nakuomba sana."

Kuna mtu. Hapo ndipo aliponimaliza, maana huyo mtu mimi nilishajua ni nani.

"Hata haya huna," nikamwambia.

Nikanyanyua nyundo. Akanishika mkono. Mbele ya wazazi wote wale, binti ambaye hajawahi kunijibu hata neno alinishika mkono akasema, "Baba, tafadhali." Nikamsukuma. Nikapiga mara moja. Mimi nikipiga sirudii. Kisha, ili waone kwamba mimi si mzazi wa nusu nusu, nikaitoa laini kwenye vile vipande, nikaikunja mpaka ikakatika. Makofi hayo! Mkuu wa shule akanipa mkono. Nikala pilau, nikaomba na ya pili.

Nilirudi naye nyumbani siku ile ile kwa zile wiki mbili. Hakulia, hakununa. Asubuhi shikamoo baba, jioni chakula tayari baba, basi. Siku ya tatu akaomba aende Masaki kwa bibi yake, yaani kwa mama yangu mzazi. Nikamwambia nenda kapalilie mihogo, akili itakukaa sawa. Baada ya siku tano bodaboda mmoja wa Masaki akasimama mbele ya karakana, akasema, "Fundi, mama yako kanituma. Kasema uje. Kasema uje leo." Mama yangu hana simu, hata kitochi hataki kukisikia, akikutuma mtu ujue kuna jambo.

Nilimkuta uani anamenya mihogo. Nikamwamkia, akaitika, hakuniambia kaa.

"Ile simu uliyoivunja ilikuwa ya mkeo," akasema.

"Mimi sina mke, mama."

"Haya, ya mama wa mwanao. Alimpa mtu akaileta hapa kwangu. Mtoto umri haujafika, laini nikaandikisha kwa kidole changu mimi. Mwaka mzima wanaongea, Jumapili kwa Jumapili. Nilikuwa najua. Nimekuficha kwa sababu nakujua."

Nikafungua mdomo nifoke. Akanionyesha kile kisu cha mihogo. "Nyamaza, usikie." Akanieleza. Mkataba wa mama wa binti yangu ulikuwa unakwisha. Mwajiri wake alitaka ajibu kabla ya mwisho wa mwezi, anarudi kwao au anasaini mwingine. Naye, wiki moja kabla ya ule msako, alikuwa amemwandikia mwanawe: nije kwenye mahafali yako, au nisije? Ukiniambia njoo, nakuja na sirudi tena huku. Ukinyamaza nitajua hunitaki, na sitakulaumu, kwa sababu mimi ndiye niliyekuacha mdogo.

"Namba yake iko wapi?" nikauliza.

"Ilikuwa humo ulimogonga nyundo."

Nikakaa chini mchangani. Binti yangu alikuwa mlangoni, amesimama na jembe, anasikia yote. Namba ya ughaibuni hakuijua kwa kichwa. Ile niliyoibloku mimi ilishakufa zamani. Nikampigia kaka wa mama yake, ambaye sijasemezana naye tangu talaka. Akaniuliza, "Leo ndiyo umemkumbuka?" akakata. Nikapiga tena, hakupokea.

Tukabaki na njia moja tu, kuirudisha laini ile ile. Laini ikirudi, wasapu itafunguka, na namba ya mama yake itaonekana kwenye ujumbe wowote aliotuma. Ndivyo binti yangu alivyonieleza, pole pole, akitazama pembeni. Ilikuwa mara ya kwanza kunisemesha sentensi ndefu tangu siku ile.

Kesho yake nikakodi bajaji, watu watatu mpaka Kisarawe mjini. Kijana wa laini akaweka kile kimashine, mama yangu akaweka dole gumba. Kikakataa. La pili, kikakataa. Mama yangu amebangua korosho tangu usichana wake, na yale maji ya ganda la korosho yanakula ngozi, vidole vyake vimekuwa laini, havina mchoro. Siku alipoandikisha mara ya kwanza kilisoma kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, hicho tu. Na hicho ndicho alichokuwa amejikata na kisu cha mihogo, kina kidonda. Kijana akajaribu vyote kumi, akajaribu tena, akasema kwa heshima, "Bibi, hapa mpaka kidonda kifunge. Tukilazimisha mfumo utajifunga kabisa."

"Siku ngapi?" binti yangu akauliza.

"Tatu, nne hivi."

Sikurudi Kibaha. Kazi za watu nikaziacha zilale. Kila asubuhi binti yangu alimwendea bibi yake kabla hata ya kunawa uso, akasema, "Bibi, nione kidole." Akakipaka mafuta ya nazi, akakipuliza, akakifunga kitambaa safi. Mihogo tulimenya sisi, bibi hakuruhusiwa kugusa hata maji. Mimi nilikuwa nakaa pembeni natazama, na nilikuwa naomba. Nilimwambia Mungu kwamba yule mwanamke akirudi nitamfuata uwanja wa ndege mwenyewe, nitamwomba msamaha mbele ya kila mtu, na sitamwambia neno hata kama hataki kuniona. Nilikuwa nampenda, basi tu. Sikuwahi kuacha, nilikuwa na kiburi.

Siku ya tano kidole kikasoma. Nikanunua simu mpya duka la jirani, sikuuliza hata punguzo. Tukakaa kwenye benchi nje ya duka, mama yangu katikati yetu. Binti akaweka laini, akaingiza namba za siri alizotumiwa, akasubiri. Simu ikaanza kulia. Ting, ting, ting. Zilikuwa jumbe za sauti, tano au sita, zote za mtu mmoja. Nilidhani ataiweka sikioni. Akaongeza sauti, akaiweka mapajani ili wote tusikie.

Miaka minne sijasikia sauti ya yule mwanamke. Ilikuwa imepungua nguvu, lakini ni yeye. "Mwanangu, Jumapili hukuwepo. Una mtihani eeh? Haya, soma." Ya pili, "Mama, umepata ule ujumbe wangu? Usione haya kunijibu." Ya tatu, "Wameniuliza leo, nimewaomba wanisubiri kidogo." Kisha moja ambayo hakusema kitu, unasikia tu maji ya bomba yanatiririka kwenye vyombo, na mtu anapumua.

Ya mwisho ilikuwa ya juzi yake.

"Mwanangu, nimekuelewa. Wala usijisikie vibaya, una haki. Nimesaini, miaka miwili mingine. Ni nyumba nyingine, mbali kidogo na hapa, na huko wafanyakazi simu zetu zinachukuliwa mlangoni, mpaka likizo. Kwa hiyo usinisubiri Jumapili. Mahafali mema, mama yangu. Msalimie bibi. Na baba yako umsikilize, ana roho nzuri yule, ni mdomo tu."

Binti yangu akabonyeza, akasema, "Mama, njoo. Mama, nilikuwa nasema njoo." Akatuma. Ikatokea tiki moja, ile ya kufika haikuja. Tukakaa pale tunaitazama ile tiki mpaka mwenye duka akatuuliza kama tunahitaji kitu. Akapiga pia, mara tatu. Haikuita.

Mtu mwenye akili hapo angenyamaza. Lakini mimi, hata pale, nilikuwa natafuta wa kugawana naye lile kosa. Nikamgeukia, nikamuuliza, "Sasa kwa nini hukumjibu mapema? Si ulikuwa na simu wiki nzima kabla hawajaikamata? Neno moja tu, njoo, lingekuchukua muda gani?"

Akanitazama. Hakuwa na hasira hata kidogo, na ningefurahi kama angekuwa nayo.

"Nilikuwa nakusubiri wewe, baba," akasema. "Nilitaka nikuombe ruhusa kwanza. Nilipanga iwe Siku ya Wazazi, ukishakula, ukiwa umefurahi. Sikutaka mama aje halafu wewe uone nimekuzunguka."

Mama yangu akainuka, akamshika mkono mjukuu wake, wakaenda kukaa kwenye bajaji. Mimi nilibaki pale kwenye benchi, na kijana wa laini akaja kuniuliza kama naumwa.

Mahafali nilikwenda peke yangu. Wazazi walipoitwa kuwavisha watoto mashada, nilipanda jukwaani, akainama nikamvisha. Akasema, "Ahsante kwa kuja, baba." Akarudi kwenye mstari wao.